Pipa la Zinki na Msumari wa Mke Wangu

Kwa miaka kumi na mmoja nimefundisha kemia Butembo bila kugusa hata chembe ya sulfati ya shaba. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanihurumia akidhani kwamba sikujua. Shule yetu ina chumba kilichoandikwa laboratoire, yaani maabara, mlangoni, na ndani mna viti vilivyovunjika na ramani ya Afrika. Kwa hiyo nafundisha kwa chaki. Naandika safu ya metali ubaoni, kuanzia zile zinazoachia elektroni zao upesi mpaka zile zisizotaka kuachia kitu: magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Wanafunzi wanaiimba na mimi nawapigia mpigo mezani kwa rula. Niamshe usingizini nitakuimbia yote bila kukosea.

Mke wangu haishi Butembo. Ana shamba la kakao kule Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, aliloachiwa na baba yake, na kakao haikubali kulimwa kwa simu. Basi yeye na watoto wako kule, mimi niko huku katika chumba cha kupanga. Ijumaa mchana, kama barabara ni nzuri, napanda gari mpaka Beni, na kutoka Beni nachukua pikipiki. Kama barabara si nzuri nabaki. Tuliishi hivyo muda mrefu bila maneno. Halafu akaja agronomu.

Serikali ilimtuma kutoka Kasai kama mtaalamu wa kilimo, ikampa ofisi Beni na pikipiki ya kuzungukia vikundi vya wakulima. Mke wangu alikuwa présidente, mwenyekiti, wa kikundi cha akina mama wa kakao, kwa hiyo lazima huyo bwana apitie kwake. Wacha niseme wazi: nilimwonea wivu kabla sijamtia machoni. Ilitosha kusikia kwamba anakuja siku za kazi, siku ambazo mimi niko ubaoni Butembo nikipiga rula.

Kakao ya kule ilikuwa imeshikwa na ugonjwa wa kuoza. Tunda linaanza na doa dogo la kahawia, baada ya siku chache ni jeusi lote, na mbegu za ndani hazifai tena. Agronomu akawafundisha akina mama dawa ya shaba. Unayeyusha unga wa buluu, ile sulfati ya shaba, katika pipa la maji jioni. Asubuhi unayamimina maji hayo ndani ya maji ya chokaa, na yote yanageuka rangi ya mbingu. Kabla ya kupuliza unachukua msumari, unausugua kwa mchanga mpaka unang'aa, unauchovya. Ukitoka na wekundu, maana yake shaba bado imo huru ndani ya maji na itaunguza majani, kwa hiyo ongeza chokaa. Ukitoka kama ulivyoingia, pulizeni.

Mke wangu alinionyesha jambo hilo Jumamosi moja uani. Msumari aliufunga kwa uzi akauvaa shingoni, chini ya medali yake ya Bikira. Aliuchovya, akasubiri, akaunyanyua. Ulikuwa umevaa ngozi nyembamba nyekundu.

"Unaona, Papa?" akaniambia. "Shaba inapanda ku musumari. Agronomu anasema chuma njo inaingia mu maji pa nafasi yake. Njo ile munafundishaka ku masomo?"

Aliniuliza kwa moyo mweupe. Mimi damu ilinichemka. Miaka kumi na mmoja nimeimba kwamba chuma kinaitoa shaba katika chumvi yake, na sijawahi kuiona ikitoka. Mara ya kwanza kuiona, naionyeshwa na mke wangu aliyeacha shule mwaka wa tatu, na aliyemwonyesha yeye ni mwanamume mwingine.

"Kitu kidogo," nikamjibu. "Ile ni ya batoto badogo ba troisième."

Akacheka, akaongeza chokaa.

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ilijaa agronomu anasema. Agronomu anasema tukate matawi ya kivuli. Agronomu anasema tuzike matunda yaliyooza, tusiyaache chini. Jumamosi moja nilihesabu: mara tisa kabla ya fufu, ugali wetu wa muhogo, kuiva. Niliuliza maswali yangu kwa sauti ya mtu asiyejali. Alikaa kiti kipi? Alikula nini? Aliondoka saa ngapi?

"Alikula sombe kama batu bote," mke wangu akasema. "Unauliza kama polisi ya barrière ku barabara."

Niliangalia alama za matairi uani kama zilifika mlangoni au ziliishia barabarani. Nilikuwa mtu mzima, mwenye diploma, nikiinama kusoma matope. Na kila nilipoinua macho niliona lile pipa la plastiki la buluu, kando ya mlango wa jikoni. Ndilo walilotumia kuyeyushia dawa ya kikundi kizima. Agronomu ndiye aliyelileta, amelifunga nyuma ya pikipiki yake kutoka Beni. Roho iliniuma zaidi kwa lile pipa kuliko kwa mwenyewe, maana mwenyewe alikuwa anaondoka.

Basi nikanunua pipa langu. Nililiona kwa muuza vyuma mmoja pale Butembo, jipya, la chuma lililopakwa zinki, linang'aa mpaka unaona meno yako. Nilijisemea hili ndilo pipa la mwanamume. Naapa kwamba siku ile safu ya metali haikunijia kichwani hata kidogo. Elimu yangu ilikuwa ya ubaoni, ilikuwa haijawahi kupanda gari kwenda Mutwanga. Nilililipia nafasi juu ya lori mpaka Beni, kutoka Beni juu ya pickup, na mimi nikakaa nalo nimelikumbatia kwenye mashimo yote.

"Ile ya plastike urudishe kwa mwenyewe," nikamwambia mke wangu.

Alifurahi. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba alifurahi kweli. Alilifuta kwa kitambaa, akawaita majirani waone kitu alicholetewa na bwana yake, na wiki ileile pipa la buluu likarudi Beni.

Jumatano iliyofuata niliingia darasani. Niliandika zinki upande mmoja na ioni ya shaba upande wa pili, kama kila mwaka, na mshale katikati. Nikawaeleza kwamba ioni ya shaba ni shaba iliyopoteza elektroni mbili na inazitaka, na zinki ni nyepesi kuziachia. Zinki inaingia majini, shaba inaanguka chini kama tope. Niliposema tope, chaki ikasimama.

Nilitoka barazani na simu mkononi. Jina lake lilikuwa pale juu ya kioo. Maneno yenyewe yalikuwa machache: musitie dawa mu ile fût, lile pipa langu. Lakini nilijua angeuliza basi tutumie nini, na ningejibu plastiki, na yeye angesema, kumbe agronomu alikuwa na haki kutuletea plastiki. Niliisikia sauti yake ikisema hivyo. Nikarudisha simu mfukoni, nikaingia kumaliza somo.

Nilijidanganya kwamba labda zinki ile ni nene, labda usiku mmoja hautoshi. Upuuzi. Usiku mmoja unatosha na unabaki.

Jumamosi ya kwanza nilimkuta ana furaha. Msumari ulikuwa unatoka mweupe kila mara, hata wakiweka chokaa kidogo tu.

"Fût yako ni ya baraka," akaniambia. "Musumari haigeuke tena."

Niliinama nikaangalia dawa. Haikuwa rangi ya mbingu. Ilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa unga. Msumari haukugeuka kwa sababu hapakuwa na shaba ya kuugeuza, shaba yote ilikuwa imelala chini ya pipa na akina mama walikuwa wanakwenda kupuliza chokaa na zinki juu ya kakao yao. Nililiona hilo waziwazi. Nikanywa chai yangu.

Jumamosi ya pili matunda yalianza kuwa meusi upande wa mto. Walisema ni mvua. Wiki ya tatu barabara haikuwa nzuri, nikabaki Butembo, akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Kakao inaoza, Papa. Ata kwa bale bamama ba huku juu. Na tunapuliza kila mara."

"Na agronomu anasema nini?" nikamuuliza.

Nisikieni vizuri. Sikumuuliza kwa kutaka kujua. Nilimuuliza kama mtu anayeweka kidole katika kidonda. Dawa ya yule mtu ilikuwa imeshindwa mbele ya wanawake waliokuwa wakimsifu, na mimi nikakaa katika chumba changu cha kupanga nikiwa na furaha. Chakula kilishuka vizuri siku ile. Mke wangu akajibu tu kwamba agronomu atakuja kuangalia, akakata simu.

Ijumaa ya wiki ya nne nilishuka Beni, nikaenda pale wanaposimama wenye pikipiki. Mtu mmoja akaniita professeur. Nikageuka. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi na upara, shati limemlowa jasho mgongoni, anahema kama aliyepanda kilima.

"Si weye bwana ya mama présidente? Nilikuonaka ku photo pale kwenu. Mimi ni agronome. Panda tu, niko naenda kule, donc sababu ya kulipa mutu mwingine haiko."

Kwa hiyo huyu ndiye. Miezi yote ile nilikuwa nimemtengeneza mrefu. Nilipanda, na kwa sababu barabara ni mbaya ilibidi nimshike kiunoni, mimi na yeye, kitambi chake mikononi mwangu, saa nzima na zaidi. Aliongea kwa kupiga kelele ili nimsikie. Mke wake alibaki Kananga, kwao Kasai, hajamwona mwaka wa pili sasa, ndoa yao imekuwa ya telefone tu. Mtu mwingine angemhurumia. Mimi nikawaza: tazama, mwanamume asiye na mke.

Halafu akasema: "Professeur, unisaidie kwa kitu kimoja. Mardi ya hii wiki nilifika kule. Nikamwanga ile fût ya mama. Chini ni boue, matope nyekundu, na zinc imeliwa yote. Bamama bamepuliza maji ya bule wiki tatu."

Pikipiki ikaruka shimo, nikamshika zaidi, naye akaendelea.

"Nilimuuliza mama, nani alinunua ile kitu? Akasema ni yeye, aliiona ku soko, inangaa. Nikamuuliza tena, juu ilinishangaza. Mama iko na akili. Nikamuuliza mara ya tatu. Akasema ni mie, ni mie. Donc kesho utuelezee bamama vizuri. Mimi niko mutu ya udongo, weye uko mutu ya chimie."

Mngedhani nilishukuru. Hapana. Kitu cha kwanza kilichonijia, nikiwa nimemshika yule mtu kiuno, ni hiki: kumbe mke wangu anaweza kudanganya. Anaangaliwa usoni mara tatu na anadanganya mara tatu, bila kutikisika. Basi mimi amenidanganya mara ngapi? Wivu wangu ulikuwa umefikia pale, hata wema wa mke wangu niliupokea kama ushahidi. Jioni ile mke wangu alinipokea mfuko mlangoni. Alinipa maji ya kuoga, akanipa chakula, akaenda kulala na watoto.

Jumamosi asubuhi akina mama walikusanyika chini ya banda la kukaushia kakao. Agronomu alikuwa ameleta bilauri tatu na unga wa buluu. Nilikata kipande cha pipa langu kwa mkasi wa kukatia bati, juu mahali ambapo maji hayakufika na zinki ilikuwa bado imebaki. Nikaomba msumari kwa agronomu. Bibi mmoja mzee akanikopesha kimedali chake cha fedha. Niliyeyusha unga, nikagawa maji ya buluu katika bilauri, nikatia zinki katika ya kwanza, msumari katika ya pili, fedha katika ya tatu.

Ile ya kwanza ilibadilika mbele ya macho yao. Zinki ikafunikwa na kitu cheusi chenye wekundu, kikaanza kudondoka, na buluu ikaanza kufifia. Msumari ulivaa wekundu wake polepole. Kimedali kilikaa kama kilivyokuwa. Niliwaambia kwamba ioni ya shaba ni kama mgeni mwenye njaa anayepita nyumba kwa nyumba. Kwa zinki anapewa sahani mara moja, kwa chuma anapewa baada ya kungoja, kwa fedha anafungiwa mlango. Mkimweka mgeni huyo alale katika nyumba ya zinki, asubuhi ameshiba, hana kazi tena, hawezi kupigana na ugonjwa. Plastiki haimpi kitu, kwa hiyo kesho bado ana nguvu. Walielewa wote, hata wale ambao hawakukanyaga shule. Sijawahi kufundisha vizuri vile, na niliipenda sauti yangu.

Mama mmoja aliyepoteza nusu ya shamba lake akainuka.

"Mwalimu, aksanti. Lakini ile fût ilikuwa kwako. Samedi yote, kila Jumamosi, weye unakuyaka. Hukuona?"

Kabla sijafungua mdomo mke wangu alikuwa amesimama.

"Anafika usiku, siku ya dimanche anarudi, ataonea wapi? Kosa ni yangu. Nilipenda kitu ya kungaa."

Mama yule akasema basi wachague présidente mwingine, mtu asiyependa vitu vya kung'aa. Hakusema kwa ukali, na wengine waliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Agronomu alijaribu kutuliza. Wakaamua wazungumze peke yao, wakamwomba mke wangu atoke kidogo. Akatoka, akaenda nyumbani, hatua kama hamsini. Wakanipigia makofi ya shukrani kwa somo. Nikayapokea, nikamfuata.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya kigogo mbele ya rundo la matunda meusi. Alikuwa anayapasua kwa panga, moja baada ya jingine, kutafuta kama kuna mbegu iliyopona. Msumari ulikuwa ungali shingoni mwake. Nikasimama pale.

"Juu ya nini ulisema ni weye?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Ningesema ni weye, bangeuliza, mwalimu ya chimie hakujua? Ningejibu hakujua, ni aibu yako. Ningejibu alijua..." Akapasua tunda, akaliangalia ndani, akalitupa. "Papa, ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, au angejifanya ameniamini, na mambo yangeisha pale.

"Nilijua."

"Kutoka lini?"

"Kutoka mercredi ya kwanza, ile Jumatano niko ku masomo."

Panga likasimama. Niliona akirudi nyuma wiki kwa wiki, mpaka Jumamosi ile ya chai, mpaka simu ile. Uso wake haukugeuka kuwa wa hasira, na ningependa ungegeuka.

"Nilipokupigia simu, ulijua."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza agronomu anasema nini."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Wivu," nikasema. "Nilikuwa na wivu juu ya yule mtu. Kila siku agronomu anasema, agronomu anasema. Nikafikiri..."

"Ulifikiri mie na yeye tuko na siri."

Nikaangalia alama za matairi uani.

"Aliniuliza mara tatu," akasema polepole. "Aliniangalia mu macho. Yeye njo alitufundisha, alitupa pipa yake bule, na mie nilimudanganya mara tatu. Mutu yenye nilikuwa naye na siri, ni weye. Sikujua kama na weye ulikuwa na yako."

Kutoka bandani tulisikia makofi. Si ya somo, yalikuwa marefu zaidi, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Walikuwa wamekwisha kuchagua. Mke wangu alisikiliza mpaka yakaisha, kisha akavuta tunda jingine akaliweka magotini.

"Naenda kubaambia," nikasema.

"Enda," akasema. "Lakini usiseme unafanya juu yangu."

Nikaenda. Niliwaambia yote, agronomu akiwa amesimama pale na bilauri zake mkononi: nani alinunua, siku gani nilijua, na kwa nini nilinyamaza. Hilo la mwisho nililisema nikimwangalia yeye. Hakuna aliyenitukana. Présidente mpya, yule aliyepoteza nusu ya shamba, aliniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Wakarudi kwenye mazungumzo yao ya nani atakwenda Beni Jumatatu kuomba tena pipa la buluu, na agronomu akaanza kuosha bilauri.